Umeanza kulipa madeni, usingizi umepaa: mwongozo wa miezi ya mwanzo

Siku mshahara uliposoma nililipa watu watatu kabla ya saa nne asubuhi. Nilikuwa na mpango kwenye daftari, umesainiwa, kila shilingi imeonyeshwa njia yake. Usiku wa siku hiyo sikulala. Saa nane nilikuwa nimekaa kitandani Nkuhungu, hapa Dodoma, nasikiliza mbwa wa jirani, moyo unanienda mbio kama niliyetoka Sabasaba kwa miguu na gunia kichwani. Cha ajabu ni kwamba mwaka mzima kabla ya hapo, nilipokuwa nakopa huku nalipa kule, nilikuwa nalala fofofo.

Baadaye nikaingia kamati ya mikopo ya SACCOS yetu ya walimu, na huko nikaona kuwa sikuwa peke yangu. Mtu anakuja na madeni sita, tunakaa naye, anaondoka na mpango unaoeleweka. Baada ya wiki mbili anarudi amesinyaa: "Mwalimu, bora nilivyokuwa zamani." Anadhani mpango umemshinda. Kumbe kulikwepa deni ndiko kulikokuwa dawa yake ya kutuliza maumivu. Ameiacha, sasa ndipo anausikia mguu uliovunjika.

Dawa ya deni kulipa, tunaambiwa tangu utoto, ila dozi hatukuambiwa. Mpango mkali kuliko mishipa yako hufa mwezi wa pili, na mwezi wa tatu uko kwa mkopeshaji mpya. Kwa hiyo hatua zifuatazo zinaangalia mambo mawili kwa pamoja, pesa na roho. Kipimo changu ni kimoja: je, utaweza kuendelea nao ukiwa umechoka?

Hatua ya kwanza: yatoe kichwani, uyaweke kwenye daftari

Fanya mchana. Usiku kila deni huota pembe. Jumamosi saa nne asubuhi, umeshakunywa chai, watoto wako nje, nunua kaunta buku na utege simu ilie baada ya dakika 25. Ikilia, simama hata kama hujamaliza, utaendelea kesho. Kuna sababu ya kuweka kikomo hicho: mwili unaojua kwamba jambo lina mwisho haukimbii.

Kwa kila deni andika anayekudai, kiasi kilichobaki leo, riba au tozo yake, tarehe ya rejesho, na kitu anachokushikia. Hapo pa mwisho uwe mkweli. Mimi niliandika "kadi ya benki na namba ya siri" na mkono ukatetemeka, kwa sababu ndiyo mara ya kwanza nilipoona kwa macho yangu kwamba mtu mwingine ndiye anayepokea mshahara wangu.

Watu husahau madeni madogo: Mangi wa dukani, fundi cherehani, mama wa mbogamboga, na mchezo wa kupeana pesa kwa zamu. Kama umeshapokea mchezo, raundi zilizobaki ni deni, usiziite akiba. Mikopo ya simu nayo iandike mmoja mmoja. Aliyekopa bodi ya mikopo ya elimu ya juu asiirudie hapa, kwani asilimia 15 ya mshahara wa msingi inakatwa kabla pesa haijakufikia. Toa hati ya mshahara uone makato yote yalivyopangwa.

Watumishi wanajua kanuni ya theluthi moja, kwamba makato hayatakiwi kukuacha chini ya theluthi ya mshahara. Kanuni nzuri, ila inaona yale yaliyomo kwenye hati ya mshahara tu. Mkopo wa kausha damu, ule wa mtaani wenye riba ya kunyonya, uliopewa kwenye chumba cha nyuma cha duka la vipodozi haumo, na huo ndio unaoila ile theluthi iliyoachwa ikulinde.

Ukifika mahali huthubutu kufungua ujumbe au mkataba, mpe mtu unayemwamini asome kwa sauti, wewe andika. Kabla ya kila mstari vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe taratibu kwa hesabu ya sita au nane. Pumzi ndefu ya kutoka ndiyo inayoupunguzia moyo mwendo. Rudia mara tano. Utajisikia mjinga kidogo, na mkono utatulia.

Hatua ya pili: hesabu isiyokudanganya

Tuchukue mtu wa mfano anayebakiwa na 620,000 mkononi. Kodi 100,000. Chakula 180,000. Nauli 45,000. Umeme na maji 25,000. Mahitaji ya shule 40,000. Mkaa na gesi 30,000. Vocha 10,000. Dawa na dharura 20,000. Sadaka na michango 20,000. Jumla 470,000, kwa hiyo kinachobaki kwa ajili ya madeni ni 150,000.

Madeni yake: kausha damu 400,000, kikoba 300,000, rafiki 150,000, mikopo ya simu 85,000, Mangi 65,000. Milioni moja kamili.

Tazama hilo la kwanza. Riba ya asilimia 20 kwa mwezi maana yake ni 80,000. Akilipa riba peke yake mwaka mzima ametoa 960,000, na bado anadaiwa 400,000 zilezile. Ukomo wa riba ambao Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wenye leseni wasiopokea amana, ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mkopo huohuo ni 14,000. Tofauti ya 80,000 na 14,000 iandike kwa kalamu nyekundu, utaihitaji kwenye mazungumzo.

Mpango wake, kama mkopeshaji atakubali kusimamisha riba: 80,000 kwa kausha damu, 30,000 kikoba, 10,000 mikopo ya simu, 10,000 Mangi. Jumla 130,000. Rafiki anaombwa asubiri miezi mitano. Baada ya miezi hiyo kausha damu imekwisha, na yaliyobaki kwa wote ni 350,000, ambayo 130,000 ileile inayamaliza kwa miezi mitatu. Miezi minane. Ikitokea pesa ya ziada katikati, iende kwanza kwenye deni ambalo tozo yake inakua kila siku.

Na zile 20,000 zilizobaki? Zinakaa. Hapa ndipo ninapobishana na watu wengi, hasa wanaume, wanaotaka kupeleka kila senti kwenye deni ili "nimalize haraka nipumzike". Mtoto ataugua, malaria haisomi daftari. Ukiwa huna hata elfu ishirini ya kando, homa moja inakurudisha kwenye chumba cha nyuma cha duka la vipodozi. Ziweke kwenye kibubu au laini ambayo huna mazoea nayo. Zinatibu hofu kuliko kitu kingine chochote nilichojaribu.

Kuhusu kukopa mkopo mmoja mkubwa uzike midogo yote: nimeona ukisaidia mara chache, pale riba mpya ilipokuwa ndogo kwelikweli na kadi ya benki ikarudishwa siku ileile. Mara nyingi mtu "anatopu" mkopo wa benki, analipa midogo, na kufika Pasaka ana ule mkubwa pamoja na midogo mipya. Kaa miezi mitatu kwenye mpango kwanza.

Hatua ya tatu: nenda mwenyewe ukaseme

Hapa ndipo tumbo linapouma, kwa hiyo anza na aliye mwepesi. Mangi, kwa mfano. Mkute asubuhi kabla foleni haijajaa, msalimie, mpe elfu kumi mkononi kwanza, kisha ndipo umweleze. Anayeanza na maneno matupu huonekana mwongo, hata akisema kweli.

Kikoba ni kigumu zaidi kwa sababu kuna aibu ya kuangaliana. Mimi nilimfuata mwenyekiti nyumbani kwake kabla ya kikao.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umetukimbia?"

"Sijawakimbia mama, nimeona haya. Nadaiwa laki tatu. Elfu sitini kwa mwezi siiwezi. Elfu thelathini naiweza, kila tarehe 24, mpaka iishe. Nimeiandika hapa."

Akaisoma karatasi mpaka chini. "Haya. Ila kikao ni Jumapili, na utayasema mwenyewe. Mimi sikusemei."

Nikayasema. Wawili walinuna, mmoja akauliza swali la kuniumiza makusudi, wengine wakataka kujua faini zinasimama lini. Nusu saa, ikaisha. Miezi minne nilikuwa napita njia ya nyuma nisikutane na wale wanawake, kwa ajili ya nusu saa. Uliza kuhusu faini, usiache. Katiba ya kikundi mara nyingi inaruhusu kikao kuzisamehe au kuzisimamisha, ila hakuna atakayekukumbusha.

Kwa mkopeshaji wa kausha damu usiende peke yako. Nenda na mtu mzima mtulivu, asiwe mgomvi. Omba vitu vitatu: mkataba wa maandishi, kiasi halisi kilichobaki, na riba isimame. Wa kwangu alicheka. "Dada, elfu themanini hiyo ni riba tu." Nikamwambia ninachoweza ni hicho, na kwamba ningependa kuona leseni yake kabla hatujaandikishana upya. Kicheko kikapungua. Sikuwa nimemtisha, nilikuwa nimeuliza tu, kwani tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 anayekopesha kama biashara anatakiwa awe na leseni.

Mkikubaliana, karatasi ieleze kiasi, tarehe, kwamba riba imesimama, saini zenu na za mashahidi. Mwenyekiti wa mtaa ni shahidi mzuri. Lipa kwa njia inayoacha alama, muamala wa simu au benki, au risiti ikiwa ni taslimu. Usisaini kamwe hati ya mauziano ya kiwanja, nyumba au pikipiki "kama dhamana tu". Karatasi ikisema umeuza, umeuza.

Kadi irudi siku ya makubaliano. Akigoma, nenda benki upewe nyingine na ubadilishe namba ya siri, lakini fanya hivyo ukiwa umeshamwandikia utakavyomlipa, usije ukaonekana umetoroka. Kadi ni yako. Deni nalo ni lako.

Hatua ya nne: wiki sita za roho juujuu

Siku ya kwanza utajisikia mwepesi, utataka kumwambia kila mtu. Siku ya tatu wepesi umeondoka. Kinakuja kitu kingine: simu ikiita tumbo linajikunja, kijasho chembamba, hasira kwa watoto kwa kosa la kumwaga maji. Unahesabu salio mara saba kwa siku kana kwamba litazaa. Wiki ya tatu hutulia kidogo. Halafu mshahara wa pili unakaribia, na huo kwa uzoefu wangu ndio mgumu kuliko wa kwanza, kwa sababu hamasa imeisha na madeni bado yapo.

Mwili haujui tofauti ya afisa mikopo na fisi. Ukiogopa, unamwaga adrenalini, moyo unakimbia, tumbo linasimama kufanya kazi, macho yanatafuta adui. Hilo lenyewe halikuumizi, hupanda likashuka. Linalolilea ni kukwepa. Kila ukizima simu, mwili unaandika: kweli kulikuwa na hatari, vizuri tumekimbia. Kila ukipokea, ukasema sentensi mbili, ukakata na ukabaki mzima, kengele inajifunza kulia kwa sauti ya chini. Itachukua mara nyingi, usitarajie mara mbili.

Lakini kupokea simu siku nzima ni utumwa mwingine. Weka dirisha. Watumie wote ujumbe mmoja: "Habari. Simu zangu napokea saa kumi hadi saa kumi na moja jioni. Malipo ni tarehe 24 kama tulivyoandikiana. Ahsante." Nje ya muda huo zima mlio wa namba zao. Ndani ya muda huo pokea, hata kama mikono inatetemeka, na sentensi yako iandike kwenye karatasi uisome. Mimi yangu ilikuwa: "Nimekusikia. Malipo ni tarehe 24. Sina jipya la kuongeza." Niliisoma kwa sauti ya roboti wiki mbili, mpaka ikawa sauti yangu.

Salio liangalie mara mbili kwa wiki, Jumatatu na Ijumaa. Siku ya mshahara lipa asubuhi ileile, kabla hujapita soko la Majengo, kabla hujamwambia mtu kwamba mshahara umesoma. Pesa ikilala ndani, usiku huo utazaliwa ulazima ambao jana haukuwepo.

Kuna zoezi moja ambalo mwanzoni nililidharau. Unajipangia robo saa ya wasiwasi kila siku, saa ileile, ukiwa umekaa kitini nje, kamwe si kitandani. Unaandika kila kinachokusumbua. Kisha unagawa: hili lina la kufanya kesho, hili halina. Lenye la kufanya linapata mstari kwenye daftari. Lisilo nalo linabaki kwenye karatasi. Fikra ikija saa saba usiku, unaiambia njoo kesho saa kumi na moja. Inaondoka kwa manung'uniko, inarudi, unairudia tena. Baada ya siku kama kumi hivi zangu zilianza kujifunza foleni.

Ukikosa usingizi usigaegae. Amka, kaa sebuleni gizani au kwenye mwanga hafifu, rudi macho yakilegea. Chai ya majani na kahawa zikome alasiri. Pombe inakuletea usingizi kisha inakuamsha saa tisa na moyo unadunda, tena imekula elfu tano. Jioni jua likilegea tembea nusu saa, Dodoma ina upepo wa bure. Nilikuwa nazunguka zile barabara za namba pale mjini, nahesabu ya ngapi ni ya ngapi, na miguu ikichoka kichwa hunyamaza.

Padri, sheikh au mchungaji anayejua kusikiliza ni msaada mkubwa, nami nilikuwa na mmoja. Sadaka ya kuvunja laana ya madeni sikuitoa. Haikuwa kwenye daftari.

Hatua ya tano: nyumbani, ofisini, na makundi ya harusi

Mwenza wako aambiwe, tena aambiwe namba nzima. Niliwahi kumwambia baba watoto nusu ya deni ili asishtuke, na nusu iliyobaki ikanipa hofu kubwa kuliko deni zima. Chagua saa ambayo wote mmekula. Mpe daftari alisome, usimhubirie. Akikasirika, mwache akasirike, hasira ya siku mbili ni nafuu kuliko siri ya miaka miwili. Isipokuwa kama nyumbani kuna kipigo: hapo anza na ndugu au ofisa ustawi wa jamii, usianze naye.

Ofisini huhitaji kumweleza mtu. Mji huu umejaa watu waliohamia na serikali, kila mmoja ana gari la mkopo na uso wa mtu asiyedaiwa. Usishindane na nyuso.

Michango ndiyo mtego. Sendofu, kitchen party, ubarikio, kundi jipya la WhatsApp kila wiki na kadi ya 50,000. Amua kiasi cha mwezi, kama yule mtu wetu wa 20,000, kikiisha kimeisha. Ujumbe wangu huwa hivi: "Hongereni sana jamani. Mwezi huu mfuko umenibana, mchango wangu ni nguvu zangu: Ijumaa niko jikoni kuanzia saa mbili." Na uende kweli. Aliyekesha anachambua mchele hasahauliki kirahisi kama aliyetoa ahadi. Msiba ni tofauti, msiba unakwenda hata na elfu mbili.

Shangazi akipiga kutoka Kondoa anataka ya mbolea, usimdanganye kwamba mshahara umechelewa, mwezi ujao utahitaji uongo mwingine. "Shikamoo shangazi. Mwaka huu nalipa madeni, sitaweza kutuma. Nikimaliza nitakwambia." Atanung'unika. Kisha atakuombea.

Kama huna mshahara

Yote haya yanageuka kidogo kwa anayeishi kwa msimu. Kanda ya kati mvua ni moja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na miezi hiyo ndiyo ya njaa: chakula cha ghalani kinaisha, shamba linadai, shule zinafunguliwa Januari na sare na madaftari. Kumwahidi mtu elfu hamsini kila mwezi wakati alizeti yako itavunwa baada ya mvua kukatika ni kujitafutia hofu ya bure. Mwandikie mkopeshaji kwa misimu: kidogo sana Januari hadi Machi, kingi baada ya mavuno. Mwenye zabibu huvuna mara mbili, kwa kawaida kati ya Februari na Machi kisha Agosti na Septemba, kwa hiyo marejesho yake makubwa yawe mawili. Usikubali kumuuzia mtu mazao yakiwa bado shambani ili uzime deni, bei yake hukufilisi kabla hujafika soko la nafaka la Kibaigwa. Bodaboda na mama lishe wapange kwa siku, hata elfu mbili kwenye kibubu kila jioni, halafu wapeleke mara moja kwa wiki.

Hatua ya sita: mwezi utakaokwama

Utakuwepo. Mshahara utachelewa, mtoto atalazwa. Siku tatu kabla ya tarehe, toa taarifa kwa maandishi: nitalipa kiasi gani sasa, kilichobaki lini. Lipa hata elfu tano. Kisha fungua ukurasa mpya, uandike mpango upya kuanzia ulipo. Usijaribu kufidia kwa kulipa mara mbili mwezi unaofuata, hiyo ndiyo njia ya haraka ya kukwama mara mbili. Fikra itakayokuja ni "nimeshaharibu, basi tena". Ijue kwa sura. Imewarudisha watu wengi kwa wakopeshaji kuliko njaa.

Akikutisha

Deni la mkopo ni shauri la madai. Hakuna mkopeshaji mwenye mamlaka ya kukufunga. Kifungo cha madai kipo kisheria, lakini kinapitia mahakamani, baada ya hukumu na baada ya mdaiwa kusikilizwa. Anayekuambia "kesho unalala ndani" anauza hofu. Kuingia nyumbani kwako na kubeba vyombo bila amri halali ni jambo la kuripoti kwa mwenyekiti wa mtaa na polisi.

Wale wa programu za simu wana mchezo wao: wanachukua orodha ya majina kwenye simu yako, wanawatumia ujumbe mpaka bosi wako na mkwe wako kwamba wewe ni tapeli. Novemba 2024 Benki Kuu ilizipiga marufuku programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Tume yake ya kupokea malalamiko, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa unyanyasaji wa mtandaoni. Piga picha kila ujumbe kwenye kioo cha simu kabla haujafutwa. Andika malalamiko kwa mkopeshaji mwenyewe kwanza, ubaki na nakala, kisha upeleke Benki Kuu, ambayo ina ofisi hapahapa Dodoma. Huna pesa ya wakili, tafuta wasaidizi wa kisheria, wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 na huduma yao ni bure.

Kabla ya yote hayo, watangulie. Tuma ujumbe kwa watu kumi muhimu: "Kuna wakopeshaji wa mtandaoni wanaweza kuwasumbua kwa jina langu. Nalishughulikia. Msijibu, msilipe." Ukishautuma, silaha yao imebaki mti mtupu.

Wakati wa kwenda hospitali

Hofu ya wiki sita nimeielezea. Ikivuka hapo bila kupungua, au ukiwa huli, hulali kabisa usiku kadhaa mfululizo, huendi kazini, au kifua kinabana mara kwa mara, nenda zahanati au kituo cha afya ueleze kama ulivyo, na deni ulitaje. Kifua hasa kipimwe, usikiite wasiwasi kabla mganga hajakisikiliza. Hospitali ya rufaa ya mkoa inahudumia matatizo haya, na Mirembe pia, hospitali ya afya ya akili hapa Dodoma.

Najua. Hapa kwetu "utapelekwa Mirembe" ni tusi. Nilipoenda kliniki yao ya nje nilivaa mtandio mpaka usoni, nikaketi kwenye benchi, na jirani yangu kwenye benchi alikuwa mwalimu mwenzangu wa shule ya jirani, naye amejifunika vilevile. Tulicheka mpaka nesi akatutazama. Nilipewa mazungumzo, mara nne, na dawa za muda mfupi. Sikulazwa, sikuandikwa kichaa, na mwajiri hakuambiwa.

Ukianza kufikiri kwamba familia ingekuwa na nafuu usipokuwepo, au kwamba kufa ndiyo njia ya kulifuta deni, usingoje kliniki ya Jumatatu. Mwambie mtu sasa hivi, mkae naye, sumu za panya na za shambani zitolewe nyumbani, na mwende idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu usiku huohuo.

Siku ya kumaliza

Kila deni likiisha dai karatasi: imelipwa yote, tarehe, saini. Mikataba ya zamani na hati zilizoshikiliwa zirudi mkononi mwako siku hiyo, sio "nitakutumia". Kwa benki na taasisi zenye leseni, baada ya mwezi au miwili uliza kama taarifa zako za mikopo zimerekebishwa, kwa sababu deni lililolipwa likisomeka halijalipwa litakufuata ukiomba mkopo wa ujenzi.

Na usishangae simu ikiita saa kumi na nusu jioni ukaruka. Mimi nilimaliza Juni, na mpaka Oktoba niliruka. Mara nyingi alikuwa shangazi, wa Kondoa, anauliza kama nimeshamaliza.